Posho ya semina, hoteli ya ghorofa na sahani ya mama ntilie

Wadau, mtu wa kwetu Maposeni akiitwa semina Dar es Salaam huwa na maswali mawili. La kwanza: basi la Songea linaondoka saa ngapi? La pili hulitoa kwa sauti ya chini kidogo: huko mjini, karibu na hiyo hoteli kubwa, mtu anakula wapi bila kumaliza posho yote?

Msimcheke. Kwa mwalimu wa shule ya msingi au mtendaji wa kijiji, posho ya semina ni bati za nyumba, ni ada ya mtoto, ni mfuko wa mbolea. Waandaaji wanalipia chumba na chakula cha mchana, lakini usiku kila mtu na tumbo lake. Akishuka kwenye mgahawa wa hoteli anakuta sahani moja inauzwa kwa pesa ambayo nyumbani ingelisha watu sita kwa siku kadhaa. Anafunga menyu taratibu, anamwambia mhudumu kwamba hana njaa, anatoka nje kupunga upepo. Na huko nje, hatua mia tatu tu, kuna mtu anapakua wali maharage.

Nimekaa nikajiuliza: kwa nini hivi vitu viwili huwa jirani siku zote? Kwa nini kila hoteli kubwa ya mji huu ina sufuria linalochemka nyuma yake? Na ile bei ya chini, tofauti yake analipa nani? Maana chakula hakijawahi kuwa rahisi chenyewe. Mahindi yamelimwa, yamesafirishwa, yamesagwa, yamepikwa. Kama mlaji halipi gharama hizo zote, kuna mtu mwingine anazilipa. Ngoja tufuatilie historia, majibu yamo humo.

Kwanza neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu cha mtaani, hoteli ni mahali pa kula. Ukiwa stendi ya Songea ukamwambia mwenzako "naingia hotelini", anaelewa kwamba unafuata chai na chapati. Anayetaka kulala anatafuta gesti. Kwa maana hiyo, Dar es Salaam ilikuwa na hoteli za aina mbili tangu zamani: zile za wageni wanaolala, na zile za wenye njaa. Historia ya mji huu unaweza kuisoma kwa kuangalia umbali kati ya hizo mbili.

Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mwaka 1906 wakawa na hoteli yao ya fahari iliyoitwa Kaiserhof, kwa heshima ya mfalme wao. Waingereza walipouchukua mji katika Vita Kuu ya Kwanza, jina likabadilika kuwa New Africa Hotel, na hoteli yenye jina hilo ipo hadi leo mahali pale pale, ingawa jengo ni jipya. Ukumbuke mwaka huo wa 1906. Ndio mwaka ambao Songea kulikuwa na vilio. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wazee wetu kwa makumi wakati wa Vita vya Majimaji, na jeshi lao likachoma mashamba na maghala ya chakula hadi nchi ikaingia njaa. Pwani hoteli ya fahari inafunguliwa, Ungoni watu wanachimba mizizi. Nchi ilikuwa moja na serikali ilikuwa moja.

Sasa tuitazame ramani. Wajerumani walianza kuugawa mji na Waingereza wakaukamilisha mgawo huo: mashariki, upande wa upepo wa bahari, Uzunguni. Katikati, Uhindini. Magharibi, Kariakoo, kwa Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo likaachwa eneo la wazi la Mnazi Mmoja. Jina Kariakoo lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale wakati wa vita ile. Wapagazi hao walibeba mizigo ya vita kwa posho, na wengi walikufa kwa maradhi na kwa kukosa chakula cha kutosha.

Fanya jaribio hili ukipata nafasi. Anza kwenye mlango wa hoteli kubwa yoyote ya Posta, tembea kuelekea magharibi, na kila baada ya mitaa kadhaa uliza bei ya chakula. Upande wa bahari unaulizwa kama una kadi. Ukifika Kisutu na mitaa ya jirani, Uhindini ya zamani, unapata bhajia, kachori, chai ya maziwa na chapati kwa bei ya mtu wa kawaida. Ukivuka Mnazi Mmoja ukaingia Kariakoo, bei inashuka tena na sahani inaongezeka kimo. Mteremko huo wa bei unafuata mipaka ya maeneo ya ubaguzi. Sheria zilikufa miaka mingi iliyopita, lakini mwenye njaa bado anazifuata kwa miguu yake.

Turudi kwenye neno posho, maana ndilo linalotuunganisha watu wa Maposeni na mji huu. Kabla halijawa bahasha ya semina, posho lilikuwa chakula. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walipewa posho ya kila siku, kibaba cha nafaka au kitambaa cha kununulia chakula njiani. Wajirani zetu wa Kenya na Uganda hadi leo wakisema posho wengi wao wanamaanisha unga wa mahindi au ugali wenyewe.

Kwetu Ungoni neno hili lilikuja na mkonge. Baada ya Majimaji kodi ilikuwa inadaiwa, reli ilikuwa mbali, na zao la kuuza halikuwepo. Tumbaku ya Wangoni na kahawa ya Wamatengo zilikuja kupata chama cha ushirika, Ngoni-Matengo, mwaka 1936. Hata hivyo vijana waliendelea kuondoka kwenda mashamba ya Tanga na Morogoro. Wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Songea ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa watu wengi. Uhamaji huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1955 mtafiti P. H. Gulliver alichapisha kitabu kizima kuhusu Wangoni na Wandendeule wanaokwenda kutafuta kazi mbali.

Manamba alilipwa fedha kidogo na kupewa posho: unga, maharage, chumvi. Mshahara wake ulipangwa kama wa mtu asiye na familia. Je, familia ilikula nini? Ilikula alicholima mama kijijini. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Ungoni aliyeshika jembe alikuwa anamlipia mwenye shamba la Tanga sehemu ya mshahara wa mumewe, bila kuandikwa kwenye daftari lolote. Shikeni hapo, tutalihitaji baadaye.

Mjini Dar es Salaam hesabu ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Mshahara wa kibarua haukutosha kumlisha mtu na nyumba yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula kikawa cha mgao, bei zikapanda, na mwaka 1947 ulizuka mgomo mkubwa ulioanzia bandarini na kusambaa kwenye njia ya reli. Mwanaume aliyekuja mjini peke yake alikula kwenye vihoteli na magenge, kwa sababu chumba chake hakikuwa na jiko wala mpishi.

Kisha Uhuru. Mwaka 1965 ikafunguliwa Kilimanjaro Hotel pale ufukweni, hoteli ya taifa jipya, mali ya serikali, mahali pa kupokea marais wa nje na wapigania uhuru. Wazazi wetu waliipita wakiitazama juu. Jengo hilo lilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2005 chini ya Kempinski, na sasa ni Hyatt Regency. Lakini hoteli ya ghorofa, iwe ya mkoloni au ya taifa, haiendeshwi na wageni. Inaendeshwa na wafua mashuka, walinzi, wapishi wasaidizi, madereva wa teksi, mafundi wa lifti. Hao wote wanakula, na hawawezi kula bei ya ndani. Ndiyo sababu ya kwanza ya lile sufuria la nyuma.

Sababu ya pili ni miaka ya shida. Wenye umri wa wazazi wetu watawasimulia: ukame wa 1974, bei ya mafuta, vita ya Kagera ya 1978 na 1979, kisha maduka matupu. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga wa Shirika la Usagishaji la Taifa. Ukaja unga wa njano wa msaada kutoka Marekani, watu wakauita Yanga kwa rangi yake. Mshahara ukabaki jina tu: thamani yake halisi ilishuka kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1984 serikali ikaondoa ruzuku kwenye sembe, na mwaka 1986 ikatia saini na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Nani aliziba pengo? Mtafiti Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam, anaonyesha kwamba familia nyingi za mjini ziliishi kwa miradi midogo midogo, na kwamba wanawake walikuwa mbele katika hilo. Wengine walioka maandazi, wengine walifuga kuku, na wengine walibeba sufuria kichwani hadi kwenye majengo yanayojengwa, viwandani, bandarini, nyuma ya maofisi. Mteja anafika, anasema "mama, nitilie wa mia". Jina likapatikana: mama ntilie. Baadaye wenye kupenda lugha ya heshima wakasema mama lishe. Wapo na baba lishe siku hizi.

Hebu tuangalie biashara yenyewe inavyokwenda. Mama anaamka saa kumi alfajiri. Mchele na maharage amechukua kwa mali kauli, atalipa jioni. Mkaa amenunua kwa kopo. Mtoto wa dada yake anaosha vyombo. Pango halipi, au analipa kidogo kwa mlinzi wa ukuta anaouegemea. Saa sita hadi saa nane mchana anauza kila kitu. Nusu ya wateja wanaandikwa kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi. Unaona sasa? Bei ya sahani ni ndogo kwa sababu usingizi wake hauko kwenye hesabu, kazi ya mtoto haiko kwenye hesabu, na mkopo anaomkopesha mlinzi wa wizara hauna riba. Mwajiri wa yule mlinzi anaweza kuendelea kumlipa mshahara mdogo kwa sababu mama huyu yupo. Ni ile ile hesabu ya manamba: mwanamke analipia sehemu ya mshahara ambao mwajiri hakuulipa.

Na mji umemshukuru vipi? Kwa kumfukuza. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, watu wasio na ajira rasmi wakakamatwa na kupelekwa vijijini wakalime. Wengi walirudi mjini. Mwaka 2006 ikaja amri ya kuwaondoa wamachinga na mama lishe barabarani, meza zikavunjwa, masufuria yakabebwa na mgambo. Kipindupindu kikiingia mjini, kama mwaka 2015, wauza chakula cha wazi ndio wa kwanza kusimamishwa, ingawa maji na mifereji ya taka si wao wanaovisimamia. Mwishoni mwa 2018 upepo ukageuka, vikatolewa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000 kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi shilingi milioni nne, na mama lishe akaachwa atulie. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo wakaondolewa tena kwenye maeneo yasiyo rasmi na kuelekezwa kwenye masoko.

Nawaelewa wanaotaka njia ya watembea kwa miguu iwe ya watembea kwa miguu. Tatizo ni kwamba soko linalotengwa mara nyingi liko mbali na tumbo linalohitaji chakula. Mlinzi mwenye nusu saa ya mapumziko hawezi kupanda daladala kwenda kula. Baada ya miezi michache sufuria linarudi, mchezo unaanza upya. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 128,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Mji umekua mara arobaini na kidogo, na mpaka leo mahali pa mfanyakazi kula mchana pamebaki kuwa jambo la kujitafutia.

Sasa turudi nyumbani, maana mlipaji wa mwisho yuko huko. Maposeni ipo Songea vijijini, jirani na Peramiho ya Wabenediktini waliofika mwaka 1898. Ruvuma ni mmoja wa ile mikoa minne ya kusini iliyokuwa inaitwa "the Big Four" kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Katika miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima, na mkulima wa mbali kama wa Songea akanufaika kwa kuwa usafiri ulibebwa na serikali. Barabara ya lami kutoka Makambako ilipokuja katika miaka ya 1980, malori yakawa na njia. Kisha soko likaachiwa huru, bei moja ikafa, ruzuku ya mbolea ikafa na kufufuka kwa namna nyingine. Tangu hapo mkulima amekuwa akikutana na mnunuzi mlangoni kwake, mwenye lori na mizani yake, au bila mizani kabisa: lumbesa, gunia lililovimba kama mjamzito, linalohesabiwa kuwa gunia moja.

Mahindi hayo husafiri zaidi ya kilometa 900 hadi Tandale na Manzese, yanakuwa unga, yanakuwa ugali wa mama ntilie nyuma ya hoteli. Bei ikipanda mjini, kelele zinasikika haraka na hatua zinachukuliwa. Mwaka 2017, kwa mfano, serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na bei kwa wakulima wa Nyanda za Juu Kusini ikaanguka. Sababu iliyotajwa ilikuwa kulinda chakula cha taifa. Ni sababu yenye uzito. Lakini ulinzi huo uligharimiwa na mtu wa Maposeni mwenye gunia ghalani na mkopo wa mbolea mfukoni. Sahani ya bei nafuu ya Posta ilipata ruzuku, na aliyeitoa hakuulizwa.

Kwa hiyo yule mwalimu wetu wa semina, akikaa kwenye benchi nyuma ya hoteli na kumega ugali, ana uwezekano mkubwa wa kula mahindi ya mkoa wake mwenyewe, yaliyouzwa kwa hasara na jirani yake. Anafurahi kwamba ni rahisi. Na ana haki ya kufurahi, kwa sababu posho yake nayo ni ndogo. Walio chini wanasaidiana kubeba, wa juu anapita.

Haya, nisiwaache na njaa. Ukiwa umefikia hoteli kubwa za Posta na mfuko ni mwembamba, fanya hivi. Asubuhi fuata supu na chapati wanapokula madereva wa teksi, wale hawakai mahali pabaya wiki mbili. Mchana shuka Feri, soko la samaki lililojengwa upya kwa msaada wa Japani mwaka 2002. Samaki wanakaangwa mbele ya macho yako, na pembeni kuna ugali. Ukitaka vitafunwa na chai, Kisutu. Ukitaka kushiba hasa, panda mwendokasi au tembea hadi Kariakoo. Jioni tafuta muhogo wa kukaanga, mishikaki, kahawa na kashata. Fika kabla ya saa saba mchana chakula kikiwa cha moto, angalia maji ya kunawa, na kaa penye wateja wengi.

Na mambo mawili nawaomba. Moja, usibishane na mama ntilie juu ya mia mbili. Hesabu yake umeiona. La pili nawaambia ninyi mnaoandaa semina na kukaa kwenye kamati za mipango miji: mnapochora jengo la ghorofa ishirini, choreni na mahali pa kupikia watu watakaolifagia, penye maji, paa na choo. Karne nzima na zaidi tumechora hoteli upande mmoja na njaa upande mwingine, halafu tunashangaa sufuria limefikaje pale.

Naomba kuwasilisha. Wenye vijiwe vyao vya kula, tajeni na bei.